Majina, Miguu na Mapatano: Historia ya Usanifishaji katika Programu Huria za Kuchora Bodi za Saketi

Wanachuoni wa lugha wamezoea kuitafuta historia ya usanifishaji katika kamusi, katika vitabu vya sarufi na katika kumbukumbu za kamati. Desturi hiyo ni njema, maana huko ndiko maamuzi mengi yalikoandikwa. Walakini majina husanifiwa pia mahali ambapo mwanachuoni hapiti mara nyingi, yaani katika karakana ya fundi. Huko anayekosea jina hasahihishwi na mhariri. Husahihishwa na kazi yake mwenyewe, akiiona imeharibika mbele ya macho yake.

Makala haya yanaeleza historia ya mapatano ya majina, alama na maelezo katika programu za kompyuta zinazotumika kuchora bodi za saketi, na hasa katika programu huria iitwayo KiCad, iliyoanzwa nchini Ufaransa mwaka 1992. Yatakayoonekana ni kwamba mapatano hayo yalitokana na haja ya watu wasioonana kuaminiana kazi, na kwamba uhuru wa programu yenyewe ulikuwa haujatimia mpaka mapatano hayo yalipoandikwa mahali pa wazi.

I. Bodi na mchoro wake

Bodi ya saketi ni kipande chembamba na kigumu kisichopitisha umeme, ambacho juu yake hubandikwa njia za shaba badala ya nyaya. Rezista, kapasita, transista na vifaa vinginevyo hulehemiwa juu ya shaba hiyo, na umeme hufuata njia zilizokwisha kuchorwa. Fikra hii ilikuwa na watangulizi kadhaa, lakini aliyeifikisha mbali ni Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna, aliyehamia Uingereza mwaka 1936 na kuomba hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1943. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bodi za namna hii zikaenea katika redio na vyombo vingine vingi.

Badiliko hili liliigawa kazi ya fundi mmoja ikawa kazi ya watu wawili. Fundi aliyeunganisha nyaya kwa mkono alikuwa na mchoro upande mmoja na chombo upande wa pili. Akiona kosa katika mchoro aliweza kulisahihisha pale pale. Kazi ya bodi haiendi hivyo. Mchoraji hukaa mji mmoja na mtengenezaji hukaa mji mwingine, pengine nchi nyingine, na kosa la mchoraji hunakiliwa katika kila bodi inayotoka kiwandani. Kwa hiyo kila kitu ambacho zamani fundi alikijua kwa kuona, sasa ilibidi kiandikwe kwa namna ambayo haina njia mbili za kusomwa.

Haja hiyo iliwakusanya wenye viwanda mapema. Mwaka 1957 watengenezaji sita wa Marekani waliunda chama chao, Institute for Printed Circuits, kilichokuja kujulikana kwa herufi tatu, IPC. Miongoni mwa viwango ambavyo chama hicho kimevitoa ni IPC-7351 cha mwaka 2005, kinachoeleza vipimo vya vipande vya shaba ambavyo juu yake kifaa hulehemiwa. Viwango vya IPC vinaheshimiwa kila mahali, lakini huuzwa, na bei yake si ndogo kwa mwanafunzi au kwa fundi anayejifanyia kazi nyumbani. Jambo hili lina sehemu yake katika historia inayofuata.

II. Lugha ya kiwandani

Kabla ya kuzitazama programu zenyewe, ni lazima kuitazama lugha ambayo mchoraji husema na kiwanda. Lugha hiyo huitwa Gerber, kwa jina la Joseph Gerber, ambaye naye alizaliwa Vienna, mwaka 1924, akakimbilia Marekani mwaka 1940. Kampuni yake ilitengeneza mashine iliyochora kwa mwanga juu ya filamu. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na gurudumu lenye matundu ya maumbo na ukubwa mbalimbali. Amri moja ilichagua tundu, ya pili ilisogeza mwanga, ya tatu iliuwasha au kuuzima. Amri hizo ziliandikwa kwa kufuata kiwango RS-274-D, kilichotolewa nchini Marekani na chama cha viwanda vya elektroniki mwaka 1979, na mwaka 1980 kampuni ya Gerber ikatoa kijitabu cha kueleza namna yake ya kukitumia.

Maandishi hayo yalikuwa na kasoro ambayo ni ya lugha zaidi kuliko ya ufundi. Faili lilitaja namba ya tundu, lakini halikusema tundu hilo lina umbo gani wala ukubwa gani. Lilitaja vipimo kwa tarakimu tupu, bila nukta na bila kizio. Tarakimu 15000 ziliweza kuwa inchi moja na nusu kwa mtu aliyepatana na mwenzake kuandika nafasi nne baada ya nukta, na ziliweza kuwa milimita kumi na tano kwa mtu aliyepatana kuandika nafasi tatu. Mapatano hayo hayakuwamo katika faili. Yaliandikwa katika karatasi ya pembeni, na karatasi ilipopotea, faili lilibaki bila maana ya hakika.

Msomaji wa hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ataitambua taabu hii mara moja. Katika hati nyingi herufi ba husimama badala ya b, badala ya p, na pengine badala ya mb. Ajuaye utenzi kwa moyo husoma bila kusita, bali mgeni hukwama. Hati ile humsaidia mwenye kujua akumbuke, haimfundishi asiyejua. Mafaili ya RS-274-D yalikuwa na tabia hiyo hiyo, na viwandani gharama ya kusoma vibaya ilikuwa bodi za kutupwa.

Dawa yake ilikuwa kuyatia mapatano ndani ya maandishi yenyewe. Namna mpya, RS-274X, iliyoenea katika miaka ya 1990, ililifanya faili litaje vizio vyake, hesabu ya nafasi baada ya nukta, na umbo la kila tundu. Mwaka 1998 kampuni ya Gerber Systems ilinunuliwa na Barco ya Ubelgiji, na baadaye kazi hiyo ikawa mikononi mwa Ucamco, iliyoko katika mji wa Gent. Mwaka 2014 Ucamco ilitoa namna iitwayo X2, ambayo kwayo faili husema pia kuwa lenyewe ni la tabaka gani la bodi: shaba ya juu, shaba ya chini, au rangi ya kinga. Kabla ya hapo tabaka lilitambuliwa kwa jina la faili tu, na kila programu ilikuwa na desturi yake ya kulitaja. Katika mwaka huo huo RS-274-D ikatangazwa kuwa imekwisha muda wake. Mwaka 2020 ikafuata X3, inayoongeza habari za vifaa vitakavyopachikwa.

Jina la Gerber ni mali ya kampuni, lakini kitabu cha kanuni zake hutolewa bure kwa yeyote anayekitaka. Bila ya hivyo, mwandishi wa programu asiye na mtaji asingeweza kusema na kiwanda kwa lugha ambayo kiwanda kinaielewa.

III. Programu huria na chanzo chake

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya asili hutolewa kwa watu wote, wayasome, wayabadili na kuyagawa tena. Katika uwanja wa bodi za saketi programu kama hizo zilianza kidogo kidogo. Mwaka 1990 Thomas Nau aliandika programu iliyoitwa PCB kwa ajili ya kompyuta ya Atari, na mwaka 1994 ikahamishiwa kwenye mashine za UNIX. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 Ales Hvezda alianzisha gEDA, kundi la programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake.

Katikati ya hizo ndipo ilipozaliwa KiCad. Mwanzilishi wake, Jean-Pierre Charras, alikuwa mwalimu wa uhandisi wa umeme katika chuo cha ufundi cha IUT kilichoko Saint-Martin-d'Hères, karibu na Grenoble. Alianza kuiandika mwaka 1992. Kwa kuwa mwandishi alikuwa Mfaransa, maelezo mengi aliyoyaacha ndani ya programu kwa ajili ya waandishi wenzake yalikuwa ya Kifaransa. Na watu wa nchi nyingine walipojiunga, sehemu moja ya kazi yao ilikuwa kuyageuza maelezo hayo yawe ya Kiingereza. Hapo mapema, basi, programu hii ilikwisha kuonyesha kwamba uhuru wa kusoma ni kitu kimoja na uwezo wa kusoma ni kingine.

Nguvu mpya ilitoka CERN, maabara ya utafiti wa fizikia iliyoko Geneva. Mwaka 2009 CERN ilifungua hazina ya wazi ya michoro ya vyombo, na mwaka 2011 ikatoa leseni yake ya kugawana michoro hiyo. Lakini mchoro ulio wazi, uliochorwa kwa programu ya kuuzwa, hauwezi kufanyiwa kazi na asiyeinunua programu hiyo. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 2013 wahandisi wa CERN wakaanza kuitia KiCad nguvu, na matunda ya kazi yao yakaonekana katika toleo la 4, mwaka 2015. Mwaka 2019 mradi ukaingia chini ya mwavuli wa Linux Foundation.

IV. Maktaba na kanuni zake

Mchoraji wa bodi hachori rezista upya kila siku. Huichukua katika maktaba ya programu, na kila kifaa huwa na sura mbili katika maktaba hiyo. Sura ya kwanza ni alama yake katika mchoro wa saketi, ambayo huonyesha kazi ya kifaa. Sura ya pili ni unyayo wake, yaani ramani ya vipande vya shaba ambavyo miguu ya kifaa itasimama juu yake. Alama husomwa na mtu, unyayo hutengenezwa na kiwanda, na jina ndilo linaloviunganisha viwili hivyo.

Kwa kuwa programu ilikuwa huria, kila aliyechora kifaa kipya aliweza kukitoa kwa wengine, na wengi walifanya hivyo. Ukarimu huo ulileta wingi, na wingi ukaleta mchafuko. Kila mtu alitoa jina kwa desturi ya kiwanda chake au ya nchi yake. Mifano mitatu yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili.

Mfano wa kwanza ni wa tarakimu. Rezista ndogo za kulehemiwa juu ya bodi huitwa kwa tarakimu nne zinazotaja urefu na upana wake. Kwa hesabu ya inchi, 0603 ni kifaa chenye urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8. Kwa hesabu ya milimita, 0603 hiyo hiyo ni kifaa chenye urefu wa milimita 0.6 na upana wa milimita 0.3, ambacho watu wa inchi hukiita 0201. Mswahili anayemwambia mgeni waonane saa tatu, kisha kila mmoja akaenda kwa saa yake, anajua namna tarakimu moja inavyoweza kuwa na maana mbili zilizo sahihi. Katika toleo la 4 la KiCad unyayo huu uliitwa R_0603 tu. Katika toleo la 5, la mwaka 2018, ukaitwa R_0603_1608Metric, jina lenye hesabu zote mbili. Ni jina refu, wala halipendezi masikioni, lakini halina njia mbili za kueleweka.

Mfano wa pili ni wa mpangilio wa miguu. Transista ya BC547, iliyozoeleka Ulaya, na ile ya 2N3904, iliyozoeleka Marekani, zimo katika umbo moja la nje, tena kila moja ina miguu mitatu. Walakini mpangilio wake ni kinyume: mguu wa mwisho wa moja ndio wa kwanza wa nyingine. Alama iliyoandikwa transista tu, bila zaidi, ilikuwa mtego. Ndipo maktaba ikawa na alama zenye mpangilio huo ndani ya jina lenyewe, kama Q_NPN_CBE na Q_NPN_EBC, ambamo herufi tatu za mwisho hutaja miguu kwa zamu yake. Kwa diodi pia likapitishwa neno moja: mguu namba 1 ni wa kathodi.

Mfano wa tatu ni wa umoja na wingi. Katika toleo la 4 maktaba ya rezista ndogo iliitwa Resistors_SMD. Katika toleo la 5 ikawa Resistor_SMD. Herufi moja imeondoka, na asiye mtu wa lugha aweza kuona ni mchezo. Lakini kompyuta hutafuta jina kwa herufi zake, na ikiwa mchangiaji mmoja ameandika kwa umoja na mwingine kwa wingi, maktaba huwa mbili zilizo moja. Mtunga kamusi ya Kiswahili hulijua tatizo hili vizuri kuliko wengi, kwa kuwa katika lugha yake wingi hugeuza mwanzo wa neno, na kitasa na vitasa zingekaa mbali mbali katika kitabu kama isingekuwapo kanuni ya kuingiza nomino kwa umoja wake.

Kanuni za kukata mashauri ya namna hii zilikusanywa katika maandishi yaitwayo KiCad Library Convention, kwa kifupi KLC. Kila kanuni ina herufi na namba yake: G kwa mambo ya jumla, S kwa alama, F kwa nyayo. Zinasema kwamba maktaba zipangwe kwa kazi ya vifaa, kwamba majina yawe ya umoja, kwamba herufi ziwe za kawaida pamoja na alama chache tu, na kwamba mwisho wa mguu katika mchoro uangukie juu ya gridi ya inchi sehemu moja ya kumi. Zinataja hata nafasi tupu ya kuachwa kandokando ya kifaa, ambayo kwa kawaida ni milimita 0.25. Mengi yanafuata mafundisho ya IPC, ila kwa tofauti moja: KLC husomwa bila malipo.

Utaratibu huu uliweka amani pia. Mchangiaji ambaye kazi yake haijakubaliwa hutajiwa namba ya kanuni, akaenda kuisoma mwenyewe. Na programu ndogo zikaandikwa za kukagua baadhi ya kanuni hizo kabla mtu hajaitazama kazi. Aliyekataliwa kwa kanuni iliyo wazi aweza kuirekebisha kazi yake, au aweza kuijadili kanuni. Aliyekataliwa kwa kupenda kwa mtu hana la kufanya.

Haikosi kusemwa kwamba kusanifu kuna gharama. Majina yalipobadilika mwaka 2018, michoro ya zamani ilikuwa ikiita vitu kwa majina yasiyokuwapo tena, na programu ikabidi iwe na njia ya kuokoa alama za kale na kuzielekeza kwenye maktaba mpya. Tena si kila tofauti iliyofutwa. Rezista huchorwa kwa mstatili na watu wa viwango vya kimataifa, na kwa mstari wa pembepembe na Wamarekani wengi. KiCad imeziweka zote mbili, R na R_US, kama kamusi iwekavyo maneno mawili ya lahaja mbili. Sababu yake yaeleweka: tofauti ya alama humsumbua msomaji kitambo kidogo, bali tofauti ya unyayo huiharibu bodi.

V. Maelezo na tafsiri

Kanuni za maktaba zawahusu wachangiaji. Mtumiaji wa kawaida anahitaji kitabu cha mwongozo, na hapa historia ni ya namna nyingine. Miongozo ya KiCad huandikwa kwa maandishi mepesi ya AsciiDoc, nayo hutolewa kwa leseni huria kama programu yenyewe. Kwa tafsiri hutumika mafaili ambayo ndani yake kifungu cha asili husimama juu na tafsiri yake chini. Mwandishi akibadili kifungu cha asili, kile cha tafsiri hutiwa alama ya kuonyesha kwamba hakiaminiki tena mpaka kitazamwe upya. Kwa njia hii tafsiri haiwezi kuzeeka kwa siri. Mwongozo umepata tafsiri za Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia, Kihispania, Kijapani na nyinginezo.

Hata mafaili ya michoro yamefanywa yasomeke. Huandikwa kwa herufi za kawaida, mabano ndani ya mabano, kwa mtindo uliotoka katika lugha ya Lisp ya mwaka 1958. Nyayo zilikuwa zimekwisha kuandikwa hivyo katika toleo la 4, na alama zikafuata katika toleo la 6, mwaka 2021. Maelezo ya mtindo huo yametangazwa, hata mchoro wa leo uweze kusomwa siku ambayo programu yenyewe haitakuwapo.

VI. Mafunzo kwa wanachuoni wa Kiswahili

Historia hii yafaa kulinganishwa na ile ya Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikavipima vitabu kabla havijaingia shuleni. Huko kanuni ilitangulia, na vitabu vikafuata. Katika KiCad maktaba zilitangulia, na kanuni ikafuata nyuma ikiokota kilichokwisha kutawanyika. Njia ya kwanza ilipata umoja upesi, lakini wasemaji wengi hawakuulizwa. Njia ya pili ilichelewa na iliwatoza watu gharama ya kubadili majina, lakini kila kanuni yake ilikuwa jibu la kosa ambalo mtu alikwisha kulifanya.

Ipo kanuni moja ya KLC inayomgusa msemaji wa Kiswahili moja kwa moja: lugha ya maktaba ni Kiingereza. Kwa majina, kanuni hiyo ni vigumu kuilaumu, maana unyayo wenye majina kumi katika lugha kumi ungerudisha mchafuko ule ule. Lakini jina na maelezo ni vitu viwili. Resistor_SMD yaweza kubaki alama ya kimataifa kama ilivyo namba, na maelezo ya kazi yake yakatolewa kwa lugha ya msomaji. Mafaili ya tafsiri yalibuniwa kwa kusudi hilo. Kwamba Kiswahili chaweza kuibeba kazi ya namna hiyo kulikwisha kuonekana mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliposhiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Istilahi za fizikia pia zilikwisha kupewa kamusi na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990.

Kinachosalia ni kazi ya kukusanya. Mafundi wa redio na simu tayari husema miguu ya kifaa, na wana maneno yao ya kulehemu, ya njia ya shaba iliyokatika na ya kifaa kilichoungua. Maneno hayo yanastahili kuandikwa kutoka vinywani mwao kabla ya kamati kubuni mengine, na kila neno litajwe pamoja na mji lilikosikiwa na kitu linachokitaja. Orodha kama hiyo ikiwekwa wazi, na kila anayeisoma akiruhusiwa kuisahihisha kwa sababu anayoitaja, mfasiri wa mwongozo wa bodi za saketi atakuwa na mahali pa kuanzia.